Marinda

Jogoo nilimnunua Shekilango, kwenye lori la Singida,
kidimu, manyoya yamesimama
kama mtu aliyeamshwa na ugomvi wa jirani.
Muuzaji akanipunguzia elfu tatu kwa sababu ya sura.
Mimi sikuitazama sura. Nilitazama bawa,
lilivyojikunja, ncha juu ya ncha,
marinda mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapiga pasi.

Mimi ni fundi cherehani, Buguruni kwa Mnyamani.
Nikajiambia: mwili uwe laini, wa kuku wa kila siku,
bawa peke yake livae hivi.
Nilidhani ni kazi ya miezi sita.

Tetea nilimwazima kwa Bi Siwema, kwa sharti la mayai.
Vifaranga kumi na mmoja:
watano vidimu mwili mzima, sita laini kama sahani.
Hakuna wa katikati.
Nikanunua daftari. Kila mguu nikaufunga uzi,
mwekundu mzao wa kwanza, wa njano wa pili,
na rangi zilipoisha nikatumia uzi wa sare za shule.

Mwaka wa pili nikamrudisha binti kwa baba yake.
Kwa kuku si haramu, najua,
lakini siku ile nilishona nimewapa mgongo.

Mdondo ukapita. Tisa kwa usiku mmoja;
nikawazika na nyuzi zao miguuni.
Mwantumu akauliza, "Hao waliobaki tutawala lini?"
Nikamwonyesha daftari.
Akasema daftari halina mchuzi.

Mzao wa sita, tetea wa rangi ya majivu.
Mwili laini. Mabawa yote mawili yamegeuka nje,
safu juu ya safu, na akitembea
yanacheza kama sketi ya mpambe wa bibi harusi.
Nikamwita Marinda.
Watoto wa mtaa walikuja kumtazama na vigoda vyao.
Bwana mmoja wa Mbezi akashuka garini, akataja laki mbili.
Jikoni, Mwantumu akaacha kukoroga.
Nikasema, kwanza aatamie.

Kisha masika.
Saa nane usiku nikasikia vifaranga, na haukuwa mlio wa njaa.
Banda linavuja pale pale nilipoahidi kuziba.
Marinda amewakusanya wote, amekaa kama mama yeyote,
mabawa ameyatandaza,
na maji yanapita katikati ya marinda yangu
tone kwa tone, hadi migongoni mwa watoto.
Anawabana. Anajikunyata. Anatandaza tena.
Hakuna aliyemwambia kuwa ameshonwa bila bitana.

Nikavua shati, nikalishika juu yao mpaka adhana ya alfajiri,
fundi mzima, kifua wazi, mikono imekufa ganzi,
nikihesabu vichwa: wanane, wanane,
saba.

Sikumuuza. Mwantumu hakunisemesha siku mbili.
Nimemletea jogoo wa Bi Siwema, yule wa kawaida,
mwenye bawa lililofunga kama kiganja.
Daftari limejaa, nimeandika nyuma ya jalada: kufumua.
Kila fundi anajua kufumua ni polepole kuliko kushona,
na wembe ukiteleza unakwenda na kitambaa.

Vifaranga wapya wako kwenye boksi, chini ya cherehani.
Wana siku nne. Bado ni pamba tu.
Mwantumu anainama, anainua kibawa kimoja kwa kidole.
"Huyu je?"
Mapema, nasema.
Anakirudisha mahali pake, taratibu,
na haulizi habari ya mchuzi.