Taa Yenye Haya

Siku Bibi Ingelise alipofunga nyumba yake ya Mkomani
(magoti yamekataa ngazi, wanawe wamemwita kwao)
alimwambia mama: Rukiya, chagua kitu kimoja.
Friji ilikuwepo, ya milango miwili.
Mama akanyoosha kidole ukutani.

Mtaa ulicheka wiki nzima.
Taa ya shaba, tena imebonyea ubavu, nani atainunua?
Nami nilinuna. Nilikwisha kupiga hesabu
ya barafu za Ramadhani, mfuko shilingi kumi.

Miaka kumi na tisa aliisugua
kwa nusu ya ndimu na jivu,
akaijua kama mtu anavyoyajua meno ya mwanawe:
mkono mwembamba utokao ukutani,
kiwiko kipindacho, kofia iliyoinama,
ndani nyeupe kama ganda la yai,
na balbu huko ndani kabisa,
huioni mpaka uitafute.

Bibi Ingelise alimsimulia,
kwa Kiswahili chake cha kukanyaga mawe:
ilichorwa kwao Denmaki, babu yake angali kijana,
na mtu aliyechora akachana, akachora akachana.
Kwao msimu wa baridi jua huaga saa tisa alasiri.
Mwanga ni unga wa mwaka wa njaa,
haumwagwi, hupimwa kwa kibaba.
Basi akaikunja shaba mpaka mwanga ushuke
pale tu unapongojewa,
kitabuni, kwenye bakuli la supu,
na jicho la mgeni lisichomwe.

Mama alisikiliza, kitambaa mkononi.
"Basi huyo alilelewa," akasema.

Famau fundi stima alitoboa ukuta wetu wa Langoni.
Keekee ikalia, tumbawe likatema unga,
chokaa ya babu ikamjaa kopeni.
Plagi ya kigeni ikakatwa meno yake ya mviringo.
Balbu ya asili haikupatikana, hata Mokowe;
tukatia nyingine, ya rangi ya samli.
Tokeni ilibaki yuniti tatu.

Akawasha.

Sisi tuliozoea ule mrija mweupe wa dari,
unaovuma kama nyuki na kuanika kila kitu,
ufa, mjusi, deni usoni mwa mtu,
tulingoja chumba kijae.
Hakikujaa.
Mwanga ulishuka mkekani, ukakaa,
giza lililobaki ukatuachia wenyewe.

"Taa hini haikodoi mato," mama akasema. "Ina haya."

Ndipo nilipoitazama nyumba
niliyozaliwa humo nisiwahi kuiona:
jua la uani huingia msana wa kwanza kwa kishindo,
msana wa pili limeshavua viatu,
likifika ndani, penye zidaka na kitanda cha wazee,
linanong'ona.
Waliojenga hapa walishiba jua hadi kukinai.
Aliyechora kule alikuwa na njaa nalo.
Mwenye shibe na mwenye njaa
wakafikia adabu moja,
bila kuonana, bila hata barua.

Sitaki kuipamba mno. Mjusi amehamia nyuma yake.
Pale ilipobonyea hutupa kivuli
kama chapati iliyomegwa.
Barafu tunanunua kwa jirani, na jirani hasahau kucheka.

Juzi alikuja mwenye hoteli ya Shela,
viatu mkononi, simu mkononi.
Alikwisha kuulizia bei zake huko nje.
Akataja friji mbili. Akataja tatu.
Mama alikuwa akishona kofia,
kitobo baada ya kitobo, uzi mdomoni.
"Utaitia wapi?"
"Mapokezi. Kila aingiaye aione."
"Na chini yake atakaa nani?"
Akafikiri. "Hakuna," akasema. "Ni ya kutazamwa."

Mama hakujibu.
Aliisukuma ile kofia ya shaba kwa kidole,
upana wa ukucha tu,
mwanga ukamtoka mgeni usoni
ukarudi kwenye sindano.