Mpasua Mbao Anahesabu Matone

Sikonge, wodi ya watoto, saa nane usiku.
Tone linavimba kwenye mdomo wa dripu,
linaning'inia, linajishika lenyewe
kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado anatafuta kiatu cha pili.
Kisha linaanguka. Mia moja na tatu.
Nesi Nshoma ameniambia nihesabu,
nadhani ili nisizidi kumuuliza.

Milembe ana miaka minne.
Jana nilimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili,
ikabaki imesimama, kikunjo, haikurudi.
Alilia bila machozi.
Sikujua kuwa machozi nayo yana ghala
na ghala huisha.

"Maji matupu hayatoshi," alisema nesi,
"haya yana chumvi, gramu tisa kwa lita."
Maji hayana mlango:
humkaribisha chumvi, humkaribisha sukari,
vumbi la barabara ya Ipole,
na kile kilichokuwa kisimani mwetu wiki ile.
Ndio wema wao. Ndicho kilichotuleta hapa.

Mimi ni mtu wa msumeno.
Miaka kumi na saba naangusha mininga,
utomvu mwekundu ukinifikia viatuni
nami nikisema, rangi tu hiyo.
Na sasa ni Oktoba, mvua haijatuma hata salamu,
lakini mitundu yote imevaa majani mapya,
mekundu, laini kama ndewe za mtoto mchanga.
Nani anayapandishia maji?
Nimepasua magogo kuliko siku nilizoishi:
hamna moyo mle, hamna pampu,
ni vitundu tu, vyembamba kuliko unywele.

Nesi akagusa mpira wa dripu kwa ukucha.
"Jua likinyonya jani, chembe moja ya maji inaondoka.
Ya nyuma imeishika mkono,
na ya nyuma yake imeishika hiyo,
hadi chini, kwenye mzizi, gizani.
Hayasukumwi, baba Milembe. Yanavutana."

Nikanyamaza.
Maana ninaijua ile sauti
jino la msumeno linapozama:
*fyuu*, fupi, kama mtu avutaye pumzi kwa meno.
Miaka yote nilidhani mti unashangaa.
Kumbe ni hewa, inaingia pale uzi ulipokatika,
na huko juu
majani hayajapata habari.

Mia tatu na kumi na mbili.
Mia tatu na kumi na tatu.
Shikaneni, nawaambia matone, mimi niliyewakata.
Pita mkononi, pita kwapani,
beba kile chakula kidogo, beba pumzi,
ufike hadi kwenye kile kidole cha mguu
alichojikwaa Jumapili, akakataa kufungwa kitambaa.

Nilipotea hesabu. Nililala nimekaa.

Alfajiri shuka limelowa.
"Amekojoa!" akapaza sauti Nshoma,
na akina mama wa vitanda vinne wakacheka,
wakanipongeza kana kwamba nimefanya kazi mimi.
Nililifua mwenyewe, nyuma ya wodi,
nikalitundika ukingoni mwa beseni
pindo moja likiwa bado ndani ya maji.

Nikachuchumaa kutazama.
Unyevu ulikuwa unapanda kwenye nyuzi,
kidole kimoja, kidole cha pili,
taratibu,
hakuna aliyeusukuma.