Mshika Mawili

Dukani kwetu Gyumri kuna mizani mbili.
Moja hupima madonge kabla hayajaingia tanurini,
gramu mia nne, si zaidi, mume wangu ni bahili.
Ya pili iko bafuni, nyuma ya ndoo,
na hiyo hunipima mimi.

Januari ilisema themanini na tisa.
Daktari akasema sukari inabisha hodi,
akaandika neno moja kwenye karatasi, *punguza*,
akalipigia mstari mara mbili
kana kwamba mimi ni hesabu iliyokosewa.

Nikapunguza. Nani aniweze kwa kupunguza?
Kahawa asubuhi, tango mchana, usiku chai na hasira.
Mwoka mikate nikaususa mkate.
Wiki saba, kilo tisa.
Mavyaa Varsenik akasema, shingo yako sasa ya kuku,
majirani watadhani tunakula ukiwa umelala.
Nikacheka. Mizani ilinipenda.

Halafu likaja gari la unga.
Gunia la kilo hamsini, lile lile
ninalolibeba tangu niolewe,
mlangoni hadi ghalani, hatua kumi na nne.
Nikalikumbatia, likanikatalia.
Nikajaribu tena. Magoti yakasema, sisi hatumo.
Dereva, kijana wa juzi, akalinyanyua
bila kutoa sigara mdomoni.
Iliyoniuma ni ile sigara.

Chini ya shule kuna ukumbi wa vyuma.
Kocha Vrezh ana goti moja zima na ulimi usiopinda.
Alinitazama kama mtu anayetaka kununua nyumba:
si rangi, kuta.
"Haykanush," akaniuliza, "miaka ile ya giza,
kwenu mlichoma nini?"
Viti kwanza. Kisha vitabu vya baba.
Kisha sakafu ya chumba cha kulala, ubao kwa ubao,
tukalala juu ya saruji tukisema, heri kuna joto.
"Basi na mwili ni hivyo.
Ukiunyima kuni ghafla, hauchomi takataka peke yake.
Unang'oa na sakafu."

Nikamjibu, mshika mawili moja humponyoka.
Mafuta yatoke, misuli ibaki, tena iongezeke?
Akanipa fimbo ya chuma, sahani huku, sahani huku.
"Vua ya upande mmoja," akasema, "uone utakavyopinda."

Nikarudi kula.
Mayai, dengu, maziwa ya mgando bakuli zima,
na mkate, ndiyo, kipande cha kiganja,
nikikitafuna polepole kama anayeaga msafiri.
Jumanne na Ijumaa vyuma. Siku nyingine maumivu ya vyuma.
Na mume wangu bahili akanipa kitu cha thamani:
usingizi. Saa tisa za usiku akaamka yeye,
akakanda yeye, vibaya,
na wateja wakala mikate migumu mwezi mzima kwa ajili yangu.

Mizani ya bafuni ikaninunia.
Themanini. Themanini. Themanini na moja.
Niliipiga teke, nikaumia kidole.
Varsenik, asiyeona namba hata kwa miwani,
akanizungushia uzi kiunoni, akafunga fundo,
akauficha ndani ya Biblia.
Baada ya wiki nane akautoa.
Fundo lilipaswa kuhama vidole vitatu.
Hakusema kitu. Akafunga jingine.

Mazishini kwa jirani sketi yangu nyeusi ilitaka kunitoroka,
nikasimama mbele ya jeneza nimeishika kwa ngumi,
Mungu anisamehe, nikiwa na furaha.

Septemba, gari la unga.
Kijana akanyoosha mikono. Nikamwambia, subiri.
Nikachuchumaa, mgongo wima, nikavuta pumzi,
gunia likapanda kifuani zito kama lilivyo,
halikupungua hata gramu kwa heshima yangu.
Hatua tisa. Nikalitua.
Jasho, vumbi la unga, moyo unagonga kama mgeni mwenye haraka.
Kijana akaitoa sigara mdomoni.
"Nikusaidie?"

Zilikuwa zimebaki tano.