Sanduku la Propela Saba

Saa kumi alfajiri, Ziwa Haukijärvi.
Jua halikulala usiku huu wa Juni; lilipita tu nyuma ya misonobari
kama mtu aliyekwenda kufunga mlango akarudi.

Sanduku la baba liko gatini, limefunguliwa.
Propela saba zimelala juu ya taulo la sauna,
kila moja na namba yake iliyogongwa kwa patasi,
kila moja na ukingo uliolambwa na tupa
mpaka baba aliporidhika, au mpaka kahawa ilipopoa.

Mimi ndiye saa. Mimi ndiye kalamu.
Kaka yangu Oiva ndiye uzito:
anapiga magoti ndani ya boti nyembamba kama ganda la njegere,
kidevu karibu na usukani, injini inatetemeka mgongoni mwake.

"Tuanze na mbili."
Namba mbili inang'oka upesi, kisha inachoka.
Nabonyeza, nagawa, naandika: kilomita mia moja na nne.
Tunaivuta boti. Nachomoa pini, nafungua nati.
Maji yana nyuzi tisa; vidole vyangu havina habari na mimi.

Halafu ile mpya, ya Italia,
inayong'aa hadi unayaona meno yako.
Kipya kinyemi.
Mstari ulionyooka: mia moja na kumi na mbili!
Mzee Pentti anashangilia barazani kwake,
amevaa chupi na buti za mpira.
Lakini kwenye boya, pale boti inapolala ubavu,
propela inaachia, inatafuna hewa,
na injini inapiga ukelele wa msumeno uliokosa gogo.

Tulijua tangu jana tungefika wapi.
Namba sita. Ile ya shaba.
Daftari la baba, wino wa bluu:
*Oiva, siku ya mashindano, sita. Msibishane.*
Nakaza nati. Sibishani.

Boti inaondoka, inainua pua,
inainua zaidi,
naliona tumbo lake lote, jeupe kama la samaki aliyekufa,
na kaka yangu anakata mafuta
kabla upepo haujaamua.

Anarudi polepole. Hanitazami.

Kilo kumi na tano, Oiva.
Zilibaki Kuopio, wodi ya ghorofa ya sita,
theluji ikiwa imefika dirishani mwa magari.
Baba aliyapinda mapanga yale kwa mwili wa kilo themanini na moja.
Daftari halijui kwamba uliugua.
Na aliyeliandika hawezi kuulizwa.

"Nne," nasema.
"Nne?"
Namba nne haina hadithi.
Baba aliandika kando yake maneno mawili: *ipo tu.*

Mia moja na saba.
Kwenye boya, inashika.
Mia moja na saba tena, na inashika,
boti inakata kona kama kisu kwenye siagi ya barazani,
na mara ya tatu sijui,
nilisahau kubonyeza saa.

Oiva ameketi gatini, helmeti mapajani,
anaisugua nne kwa kidole gumba, panga baada ya panga,
akitafuta kitu ambacho tupa ilikiacha.
Naikausha sita, naifunga kwenye taulo.

Chini ya mwandiko wa baba, bila kuufuta, naandika:
*Kilo sitini na sita, nne.*
Kisha naacha mstari mmoja mtupu.
Huenda akanenepa.