Kidole Kikavu

Saa mbili asubuhi, nje ni usiku wa manane,
na utabaki usiku hadi jua liikumbuke Vardø
mwishoni mwa Januari, likipenda.
Simu inatetemeka juu ya kitambaa cha meza:
Umeamkaje leo, Solfrid?
Nyuso tano zimejipanga, kutoka kicheko hadi kilio.

Aliyeniwekea ni kijana wa manispaa, Jørn-Are,
mwenye hereni na subira ya daktari wa meno.
"Bonyeza tu," akasema. Nikabonyeza.
Kioo kikaninyamazia.
Miaka thelathini na minane nimepasua chewa kiwandani,
maji ya barafu, chumvi, kisu;
alama za vidole vyangu zilikwenda na minofu, sanduku kwa sanduku,
huko Ureno wamekwishazila kwa viazi.
"Lamba kidole," akaniambia.
Nikalamba, kama nifunuavyo kitabu cha tenzi kanisani,
ndipo chombo kikakubali kwamba nipo.

Wiki tatu nilibonyeza uso wa pili.
Njema. Nzuri tu. Namshukuru Mungu.
Maneno ya mtu anayemjibu mgeni
huku ameuzuia mlango kwa mguu.
Ikanipa nyota. Ikaniambia nivute pumzi, nihesabu hadi nne.
Nilihesabu. Kwenye tatu, kila mara, nilimkuta marehemu Odd
akitafuta miwani yake. Miwani ipo. Imo kwenye droo.

Nilichokipenda, sitaficha, ni taa.
Ukishajibu, taa yako ndogo huwaka
kwenye ramani ya mtaa. Hakuna jina, taa tu.
Lakini mtaa wetu una nyumba kumi na moja
na mimi sikuzaliwa jana.

Jumanne ile, ya tisa haikuwaka.
Saa tatu, bado.
Saa nne, bado.
Nyumba ya tisa ni ya Torleif. Hatujasemezana
tangu ugomvi wa uzio, mwaka wa themanini na saba.
Nikafunga misumari ya barafu viatuni,
nikaukata upepo nimeinama kama mwizi.

Alikuwa jikoni. Mzima. Simu mbele yake,
kidole cha shahada kikielea hewani.
"Jana ilinijua," akasema.
"Leo nagonga, nagonga, hainijui."
Na sauti ile haikuwa ya mtu anayeizungumzia simu.

Sikumpa pole. Pole ingemvunja.
Nikaushika mkono wake, mkono wa nyavu na baridi ileile,
nikakichovya kidole kwenye kahawa yake.
"Haya. Uso gani?"
Akazitazama zote tano, taratibu, kama achaguaye viazi sokoni.
"Wewe ungebonyeza upi?"

Nilikuwa na "njema" tayari ulimini.
Nikaimeza.
"Wa nne," nikasema. "Tangu Novemba."

Akabonyeza wa nne.
Kisha akainuka kwa kishindo kutafuta kikombe cha pili,
akaniuliza, bila kugeuka,
kama bado namdai zile sentimita arobaini.