Ubao wa Bei

Ubao huu niliununua kwa ajili ya bei.
Sketi ya shule, mia nne hamsini.
Kupunguza suruali, hamsini.
Kubadilisha zipu, tuelewane.
Niliusimamisha mlangoni, hapa Chavakali,
pale njia ya Kapsabet inapoachana na ya Kakamega,
kila asubuhi nikaufuta vumbi, basi.

Kisha usiku mmoja Amimo wangu aliwaka homa.
Nilifungua duka nimechelewa, macho mekundu,
na chini ya zipu nikaandika, sijui kwa nini:
"Leo sikulala. Msinikemee mshono ukipinda."
Kabla ya saa sita mama muuza ndizi,
ambaye miaka mitatu tulisalimiana kwa kichwa tu,
aliniletea uji kwenye chupa ya chai,
akakaa juu ya gunia la vitambaa
akanihesabia usiku wake mwenyewe, mmoja mmoja.

Ndivyo bei zilivyoanza kusogezwa pembeni.

Niliandika deni. Niliandika mume aliyekwenda Eldoret
kununua spea, mwaka wa sita sasa, bado anachagua.
Niliandika kwamba naogopa simu za alfajiri.
Mara nyingine sikujua nina hasira
mpaka niione imesimama pale, nyeupe,
kwa mwandiko wangu, herufi zimeegemea upande
kama watu wanaosukuma gari.
Msichana wa kidato cha tatu alinakili
nyuma ya daftari la hesabu.
Mwalimu mstaafu, Bwana Kisia, alirudisha herufi niliyoisahau,
kisha akasimama kitambo, akavua kofia.
Siwezi kukana: nilikuwa mtu mmoja, nikawa mtaa.

Lakini ubao una tumbo, na tumbo halina adabu.
Ulianza kunidai kabla sijanywa chai.
Siku tuliyomzika baba, kule Wodanga,
udongo wa kwanza ukigonga sanduku,
nilijikuta natafuta neno la ule mlio.
Nililia, ndiyo. Kwa jicho moja.
La pili lilikuwa linaandika.

Na wapo waliokuja usiku na makaa:
"Ndiyo maana alikimbiwa."
Asubuhi nilifuta kwa kiganja, mbele ya watu, nikitabasamu.
Mwenye nyumba naye akasoma habari ya deni,
akaja kudai kodi katikati ya wateja,
maana, alisema, hiyo si siri yetu wawili tena.

Kisha Mideva, mdogo wangu.
Niliandika mistari minne mizuri, nakiri, mizuri,
juu ya kitanda cha hospitali ya Mbale
na nepi zilizokunjwa zikarudishwa dukani.
Sikutaja jina. Nani alihitaji jina?
Aliingia bila kubisha. Hakupaza sauti.
"Dada, umeandika uchungu wako wa kuniona.
Ule mwingine, wa kulala pale, ulikuwa wangu.
Nilikuwa sijamwambia hata mama mkwe."

Saa kumi mvua ikanyesha, kama ijuavyo huku,
chaki ikateremka ikawa maziwa mtaroni.
Nikafikiri: imekwisha.
Kumbe aliyesoma hafutiki.
Wiki nzima sokoni walimpa pole
kwa sauti ile ya chini inayosikika mbali.

Sasa bei zimerudi juu, kwa herufi kubwa.
Chini nimebakiza nafasi ya kiganja.
Siku nyingine naandika: "Nimechoka."
Siku nyingine naiacha tupu,
na mama wa ndizi huuliza kama amenikosea.
Daftari nililonunua limo ndani ya droo ya cherehani.
Ni aminifu, halimwambii mtu.
Wala haliniletei uji.

Mideva huja siku za soko. Simwoni akifika;
namwona ameshafika, ng'ambo, karibu na kituo cha petroli,
kikapu mkononi, kiganja juu ya macho kuzuia jua.
Kwanza husoma.
Ndipo avuke barabara.