Kinu, Nje, Asubuhi, Safi

Chedego, umeandika tena "upepo mpya mwisho kabisa 2".
Mwisho kabisa ni upi, na huyu wa pili katokea wapi?
Hapa Nkuhungu upepo hauna mwisho,
unapita chini ya mlango na mchanga mdomoni,
nami nina mafaili mia nne ya huo huo mmoja.
Sikia utaratibu: anza na kitu,
kisha tendo, kisha mahali, kisha umbali wa maiki,
tarehe ikae nyuma kama mkia wa mbuzi.
Upepo, unavuma, Kongwa, ndani ya bomba la chuma.
Upepo, unavuma, Kongwa, kwenye mabua makavu.
Huo wa pili ndio wa huzuni. Usiandike huzuni.
Huzuni ataileta mwenye filamu.

Mvua hatuna ya kutosha. Mwaka ule niliingoja
tangu Novemba, betri zikijaa na kuisha,
ikaja usiku mmoja, mimi niko harusini Manyoni.
Kwa hiyo mvua yetu ni uwele,
debe moja, unamiminwa taratibu juu ya bati,
na walioko Dar wanasema, aisee, mwaka huu mmebarikiwa.
Moto ni mfuko wa sementi unaokunjwakunjwa.
Mfupa kuvunjika ni bua la mtama.
Nyasi anazopita mwizi ni utepe wa kaseti ya kwaya,
ile iliyotafunwa na redio ya baba.
Kwato za punda ni nusu mbili za kibuyu,
ingawa punda mwenyewe anapita hapo nje na madumu:
nilimnasa, akasikika kama mwongo.

Kinu, lakini, ni kinu.
Nilikinasa Mvumi kwa mama, jua bado changa,
dakika tisa: mchi, pumzi, mchi,
kuku mmoja kwa mbali,
na mwishoni, "Hicho kidude chako kinakula umeme wa nani?"
Nikakata sauti yake. Kanuni ni kanuni.
Nikaandika jina, nikafunga. Miaka mitatu
likakaa kwenye diski bila kuitwa na mtu.

Ndipo Sakalani akataka moyo.
Mtu kajificha ndani ya behewa, tochi zinapita.
Nilijaribu ngoma, ikajivuna mno.
Nikafungua kinu, nikakishusha, nikakikawiza,
nikakifunika kama mgonjwa wa homa.
Kikaanza kuogopa.

Siku ya kuonyesha nilimkalisha mama kando yangu,
kanga mdomoni. Tochi zikapita. Ukumbi kimya,
mtu nyuma yetu akamwita Mungu wake.
Mama akaniinamia: "Mbona kinu changu?"
Nikasema, huo ni moyo, mama.
"Moyo gani unagonga kwa ufa? Mchi ule uliupasua wewe,
darasa la nne, ukimpiga nyoka aliyekwisha kufa."
Akatazama kidogo. "Na unga wangu uko wapi?"

Basi fungua faili, Chedego.
Kinu, nje, asubuhi, safi.
Futa safi. Andika ufa.
Halafu nitafutie kile kipande nilichokikata,
cha umeme wa nani. Sikumbuki nilikipa jina gani.
Anza na yale unayoyaita mwisho kabisa.